Kamba Sita na Mlima Mmoja

Fundi lifti hulipwa ili watu wasipande. Ndiyo kazi yake yote: kuhakikisha kwamba mtu mzima, mwenye miguu miwili isiyo na kasoro, hapandi hata kidato kimoja asichotaka kupanda. Fundi wetu huyu aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa miaka ishirini na sita. Usicheke mapema, basi, ukiambiwa kwamba kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa anajiandaa kupanda mlima.

Alihudumia majengo matatu. La kwanza lilikuwa hospitali, ambako lifti ilikuwa moja, ikaharibika kila meneja wa jengo alipokwenda likizo. La pili lilikuwa la ofisi za bima, lenye lifti mbili zilizooneana wivu: ukitengeneza hii, ile inazira. La tatu lilikuwa la makazi, ghorofa kumi na mbili, na humo wapangaji wa ghorofa ya kwanza walipanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza, kisha jioni wakavaa raba na kutoka kwenda kukimbia ili wapunguze mwili. Fundi aliwaona wote wakipita, mikono yake imejaa grisi, akawaamkia kwa heshima. Uvivu wao ndio uliomsomeshea binti yake.

Lifti ilipokwama na waliomo ndani wakaanza kulia, kuomba na kuungama mambo ambayo hakuna aliyewauliza, yeye alikuwa na hotuba yake. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kusema polepole, "Tulieni. Lifti hii ina kamba sita za chuma. Moja tu inatosha kuishika. Tano zilizobaki ni za kuwafariji ninyi." Walitulia. Aliisema hotuba hiyo mara nyingi hata akaifanya dini: kila kitu kiwe na akiba yake, na akiba nayo iwe na akiba. Nyumbani alikuwa na taa ya akiba, ufunguo wa akiba, na kitambi cha wastani ambacho nacho alikiita hivyohivyo.

Kitu kimoja tu hakikuwa na akiba. Mlima.

Ulianza kama picha. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili aliporudi shuleni na picha ya mlima mkubwa, ule ulioko safari ya siku nzima kwa basi, kilele chake kimekaa juu ya mawingu kama mtu aliyepanda mgongoni mwa mtu. "Baba, twende." Naye akajibu bila kufikiri, kama baba wote wanaojibu bila kufikiri, "Mwaka ujao, mama. Mimi na wewe."

Mwaka uliofuata mvua zilizidi. Uliofuata huo, lifti ya hospitali. Kisha goti. Kisha mwongozaji waliyemtegemea akaoa. Mwaka mmoja hakukuwa na sababu yoyote, na jambo hilo lenyewe likamtia wasiwasi, akaahirisha. Wakati wote huo vifaa vilizidi kuongezeka chini ya kitanda: begi la mgongoni, hema, jiko dogo la gesi, fimbo, tochi ya kuvaa kichwani ambayo aliibadilishia betri kila mwaka. Kulikuwa pia na buti, ambazo alizivaa kila Jumapili na kutembea nazo sebuleni, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, ili zimzoee. Zilimzoea. Zilikuwa buti pekee mjini zilizochakaa kwa zulia.

Nyumba nzima ikampa jina: Mwaka Ujao. "Mwaka Ujao, chakula tayari." "Mwaka Ujao, unaitwa kwenye simu." Aliitika. Mtu huzoea.

Hapo pana siri, na heri tuitoe sasa kuliko kukusumbua nayo. Fundi aliogopa kimo. Ajabu ni kwamba ndani ya shimo la lifti hakuogopa. Alisimama juu ya paa la lifti, chini yake ghorofa kumi na mbili za giza, akala karanga na kupiga mluzi. Giza lilimfunika na kuta nne zilimshika pande zote, na mtu aliyeshikwa pande zote ataogopa nini? Lakini mtoe nje, msimamishe kwenye baraza la ghorofa ya tatu penye upepo na anga, uone. Atavuta kiti mpaka ukutani, ataegemea, na atasifia mandhari ambayo hajaitazama.

Aliyajua hayo mwenyewe, lakini kama mtu anavyojua tarehe ya kifo chake: kwamba ipo.

Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu, muuguzi, na amepata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka mitano. Alikuwa anasafiri Jumatano, siku tatu baada ya likizo ya baba yake kumalizika. Likizo ilikuwa ya siku saba, Jumatatu hadi Jumapili, na binti hakubembeleza.

"Baba, mwaka ujao sitakuwepo," alisema. "Ni wiki hiyo au basi."

Fundi akalipia safari ya mlima mkubwa, akachukua ruhusa kwa maandishi, akabadilisha betri za tochi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakubaki na pa kujifichia. Alipungua uzito pasipo kukimbia.

Kisha, Alhamisi kabla ya safari, mlima ukashika moto.

Kilikuwa kiangazi kikavu, nyasi zimekuwa karatasi, na cheche moja ilitosha. Redio ikatangaza asubuhi kwamba moto umedhibitiwa. Jioni ikatangaza kwamba umedhibitiwa tena, mahali pengine. Ijumaa ulidhibitiwa mara tatu. Fundi alipiga simu ofisi ya lango la hifadhi.

"Naulizia moto, dada."

"Moto umedhibitiwa, mzee."

"Kwa hiyo njia iko wazi."

"Njia imefungwa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya moto."

"Huu uliodhibitiwa?"

"Ule mwingine."

Jumamosi alipiga tena, akaambiwa moto uko upande wa pili. "Upande wa pili wa wapi?" aliuliza. "Wa hapa nilipokaa mimi," dada akajibu, "namshukuru Mungu." Na Jumapili asubuhi, kabla hajapiga, ujumbe ukaja wenyewe: lango limefungwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Fundi aliusoma ujumbe ule mara mbili, akalala usingizi wa mchana, usingizi mtamu wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Aliamka akakuta kikao kinamngoja sebuleni. Mkewe alikuwa mshona mapazia, na sebule yao ilikuwa karakana. Ulikuwa humwoni mtu mpaka ufunue kitambaa cha mteja. Nyuma ya pazia la maua alikaa binti, mikono mapajani. Nyuma ya pazia la mistari alikaa kaka wa mkewe, dereva wa teksi, mtu aliyejua kila kitu kilichoweza kufikiwa kwa gari na hakuamini kama kingine kipo.

"Basi ndiyo imekwisha," alisema fundi, akijitahidi uso wake ufanane na wa msibani. "Kazi ya Mungu haina makosa. Tutafanyaje? Labda mwaka..."

"Usilitamke," alisema mkewe, pini zimebanwa midomoni.

"Moto sikuuwasha mimi, mke wangu."

"Hakuna aliyesema umeuwasha. Ila sijaona mtu aliyeunguliwa mlima akaamka na hamu ya chai."

Binti akafunua pazia. "Mlima umefungwa, tutafute mwingine. Si wewe baba unayesema kila kitu kiwe na akiba? Haya. Nataka mlima wa akiba."

Kunaswa na mtego wa mwingine ni bahati mbaya. Kunaswa na hotuba yako mwenyewe hakuna hata wa kumlalamikia.

"Milima haikutani, lakini imejaa," dereva wa teksi akaingilia. "Pale njia ya magharibi kuna kilima cha mnara wa simu. Dakika arobaini mpo."

"Kile ni kichuguu," alisema fundi.

"Kichuguu cha mwamba mtupu, mita mia tatu na kitu? Mchwa wake wanakula nini, shemeji, saruji? Halafu nilikuwa nasema, kwa upande wa nyuma kuna..."

"Kaka, kunywa chai yako," mkewe fundi alimkata. "Ukianza habari za njia hatutoki hapa leo."

Dereva akanywa chai. Kumbuka hilo.

"Kama ni safari ya akiba," fundi alisema, na sauti yake ikapata nguvu ya ofisini, "basi ipangwe kifundi. Haiwi moja. Nitatafuta sita. Nitazikagua zote, itakayopita ndiyo tutakayokwenda."

"Mshika mawili moja humponyoka," dereva alisema kutoka kwenye kikombe. "Mshika sita je?"

"Mshika sita ni fundi."

Binti alimtazama baba yake kitambo. "Sawa," alisema. "Kagua."

Ndipo ikaanza wiki ambayo haijawahi kuonekana katika historia ya kupanda milima. Fundi alichukua fomu ya kazini ya ukaguzi, ile yenye safu tatu, Kifaa, Hali na Hatua, akafuta neno Kifaa na kuandika Mlima. Akaazima darubini kwa mlinzi wa hospitali. Kila asubuhi alivaa kofia yake ngumu ya manjano na buti za zulia, akapanda basi, akaenda kukagua. Na kila jioni alirudi na vumbi la haki kabisa.

Vilima vyote alivikagua kutokea chini. Kimoja alikikagua akiwa ameketi ndani ya mgahawa, kupitia dirishani, mhudumu akidhani ni mpima ardhi na kumuuliza kama nyumba yao itabomolewa. Aliandika, akapiga mstari, akatia sahihi. Mtu angemwona angesema huyu ndiye mpanda milima aliyepikwa akaiva: hakubahatisha, hakuwa na haraka.

Nyumbani binti alikuwa anapanga nguo. Kila siku sanduku lake lilizidi kujaa, na kila siku orodha ya milima ilizidi kupungua. Jumatatu aliweka sare za kazi. Jumanne aliweka picha ya mama yake akiwa amesimama mlangoni, nusu yake imefunikwa na pazia. Jumatano alikaa tu kando ya sanduku. Hakuuliza "lini." Mwanzoni fundi aliona huo ni ukarimu. Kufika Alhamisi aliona ni kitu kingine, akaongeza muda wa ukaguzi.

Alhamisi hiyo alasiri alikwenda kuoga, akaiacha fomu mezani. Akatoka na taulo begani, akakuta binti ameishika.

"Mlima wa kwanza," binti alisoma, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Hali: njia haina alama. Hatua: haufai. Mlima wa pili. Hali: njia ina alama nyingi mno, zinachanganya. Hatua: haufai."

"Ukaguzi hauna urafiki, mama."

"Wa tatu. Hali: mbuzi." Akainua macho. "Wamefanya nini mbuzi?"

"Wanaporomosha mawe."

"Wa nne, kile cha mnara. Hali: mnara unaharibu mandhari. Wa tano, uko mbali. Wa sita, uko karibu mno, watu watatuona." Akaiweka fomu chini. "Watatuona tukifanya nini, baba?"

Fundi alivuta taulo begani, akalirudisha, akalivuta tena. Cherehani chumbani, ambayo ilikuwa inakwenda tangu asubuhi, ilisimama. Mkewe alikuwa na masikio mazuri.

"Nilikuwa na miaka tisa," binti alisema, na utangazaji ulikuwa umemtoka. "Tulikwenda kwa shangazi, ghorofa ya nne, ikanyesha mvua ya mawe, wote wakatoka barazani kuiangalia. Wewe ulibaki umeegemea ukuta, umeshika mkanda wa gauni langu. Ulivuta mpaka ukakatika. Nimejua tangu siku ile."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Kila mwaka ulinunua betri mpya. Nikajiambia, mtu anayenunua betri bado anataka kwenda."

Fundi aliketi. Aliketi juu ya pazia la mteja, kosa ambalo siku nyingine lingemgharimu chakula cha jioni.

"Naogopa," alisema, kwa sauti ileile anayoripotia breki iliyolika. "Ndani ya shimo siogopi. Mna kuta."

"Najua."

"Nje hamna kuta, mama. Na moto ulipowaka..." Akasita. "Nilifurahi. Mlima unaungua, wanyama wanakimbia, mtoto wangu anaondoka, mimi nikalala usingizi. Andika na hilo kwenye fomu."

Binti hakuandika hilo. Alichukua kalamu, akaenda mstari wa nne, akafuta "haufai" na kuandika "Jumamosi." Kisha akatia sahihi yake chini ya ya baba yake, maana kanuni ni kwamba ukaguzi ukipingwa lazima mwenye kupinga asaini. Alikuwa ameishi na fundi miaka ishirini na mitatu, ulitaka asijue?

Jumamosi saa mbili asubuhi walishuka kwenye basi chini ya kilima cha mnara. Kilima chenyewe kilikuwa cha saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida. Fundi alikuwa amebeba kilo kumi na nane: hema, jiko, chakula cha siku tatu, koti la baridi kali, na kamba sita, tano za duka la vifaa na moja ya kuanikia nguo ambayo mkewe aliiongeza mlangoni bila kusema neno.

Njia ilianza kwa upole, katikati ya vichaka. Fundi alitembea vizuri, akatoa maelezo. Alieleza namna ya kuvuta pumzi. Alieleza namna ya kuweka mguu. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani na kandambili miguuni aliwapita, akawaamkia, akawatazama kofia, fimbo na tochi kichwani asubuhi kweupe, akauliza kama wamepotea.

"Tunapanda mlima," fundi alisema.

"Aa," yule mama alisema kwa huruma, na akaendelea kupanda.

Vichaka vikaisha. Mwamba ukaanza, na njia ikauzunguka mpaka mahali ulipotokeza ukingo wa hatua kama kumi na tano. Upana wake ulitosha watu wawili kupishana kwa adabu. Kushoto palikuwa na mwamba. Kulia palikuwa na mambo mengine yote: bonde, barabara, basi lao dogo kama kiberiti, na hewa, hewa nyingi mno, hewa isiyo na mpaka wala msimamizi.

Binti alivuka, akageuka. Baba yake alikuwa ameketi katikati ya ukingo, begi la mgongoni limegandamana na mwamba, macho amefumba.

"Nenda tu," alisema. "Mimi nitakulinda kutokea hapa."

"Utanilinda na nini?"

"Na mbuzi."

Mbuzi watatu wakapita mbele ya miguu yake wakati huohuo, mmoja akamnusa buti, wakaendelea na safari zao. Fundi hakufumbua macho. Jasho lilimtiririka chini ya kofia ngumu, na mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa hewani, unatafuta kitu cha kushika, mkanda wa gauni labda.

Binti akarudi. Akachuchumaa mbele yake, akafungua begi, akatoa kamba ya kuanikia nguo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu, akaifunga kiunoni mwa baba yake na ncha nyingine kiunoni mwake. Akaweka mdomo karibu na sikio lake, kama kwenye ufa wa mlango.

"Tulia," alisema polepole. "Lifti hii ina kamba sita. Moja tu inatosha kuishika. Tano zilizobaki ni za kukufariji wewe."

Miaka ishirini na sita alikuwa ameyasema maneno hayo kwa waliokwama. Hakuwahi kuyasikia akiwa ndani. Sasa aliyasikia, na akagundua, kwa mshangao wa mtu aliyeuza dawa maisha yake yote halafu akaumwa, kwamba hayafariji hata kidogo. Kamba sita, kamba sitini, tumbo halijui hesabu. Kilichofariji ni kwamba upande wa pili wa mlango kulikuwa na mtu, na mtu huyo hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Sema tena," alisema.

Akasema tena.

"Sasa vua begi, baba. Begi ndilo linakuvuta nyuma."

"Mna chakula cha siku tatu."

"Kilele kiko juu ya kichwa chako. Hata tukitambaa, siku tatu hazifiki."

Walitambaa. Kwa usahihi, binti alitembea na fundi akatambaa kwa magoti na mikono, kofia ya manjano imeinama, macho yamebandikwa kwenye kisigino cha kiatu kilichokuwa mbele yake. Hatua kumi na tano. Alizihesabu kwa sauti, na alipofika kumi na tano akahesabu ya kumi na sita, ya akiba. Baada ya hapo njia iliingia tena katikati ya mawe makubwa yenye kuta pande zote, akainuka, akapanda kama mtu, akilia kidogo na kulisingizia vumbi.

Juu, chini ya mnara wa simu, walikuta viti viwili vya kukunja, chupa ya chai, na watu wawili wamekaa.

"Mmechelewa," alisema dereva wa teksi. "Chai imepoa."

Fundi alimtazama shemeji yake, akamtazama mkewe, akaitazama teksi iliyoegeshwa kando ya mnara, imeoshwa, inang'aa.

"Mmefikaje hapa?"

"Kwa upande wa nyuma. Kuna barabara ya lami, waliijenga mafundi wa mnara. Nilitaka kukuambia tangu Jumapili, ila niliambiwa ninywe chai."

Mkewe fundi alijishughulisha na kifuniko cha chupa.

Kuna wanaume ambao wangekasirika. Fundi aliketi chini, akaegemea nguzo ya mnara uleule ulioharibu mandhari, akacheka mpaka goti likamuuma. Aliletewa chai, akainywa ikiwa baridi. Mbali upande wa mashariki, mlima mkubwa ulionekana ukiwa na moshi shingoni, moshi mwembamba, mrefu. Pengine ulikuwa unadhibitiwa.

"Begi," alisema binti.

Lilikuwa limebaki ukingoni, kilo kumi na nane, na ndani yake miaka kumi na mmoja ya betri.

"Liache," dereva alisema. "Mbuzi nao wana haki ya hema."

"Nitashuka kwa njia ileile nilichukue. Mnipitie chini kwa gari." Binti alikuwa amekwisha simama na kuifungua kamba kiunoni mwake. Hakuomba ruhusa wala hakuwa mkaidi. Alisema tu, kama mtu mzima anavyosema anakokwenda, akamgusa baba yake kofia, akashika njia kati ya mawe.

Fundi akabaki na kamba imemfunga kiunoni, ncha nyingine inaburuta chini. Kutoka pale nguzoni hakuona kitu. Ukingo ulikuwa unaonekana kutoka mahali pamoja tu, pale mwamba ulipoishia na hewa kuanzia. Akatazama pale. Akatazama mikono yake. Akainuka.

Hatukudanganyi kwamba alikwenda kishujaa. Alikwenda kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala, nyayo haziinuki. Hatua nne kabla ya mwisho alisimama, na hapo akahisi kamba imevutwa kidogo nyuma yake. Mkewe alikuwa ameishika ncha, ameizungusha mara mbili kwenye nguzo ya mnara na kuifunga fundo lile analofungia mapazia mazito ya hoteli.

"Nenda," alisema. "Nimekushika."

Akaenda. Akasimama mwishoni, akafumbua macho, akatazama chini.

Aliye juu mngoje chini, husema wahenga, nao walikuwa wengi na hawakukosa la kusema. Lakini hawakusema mtu afanye nini akiwa juu, na anayempenda yuko chini, anazidi kuwa mdogo. Binti alikuwa amefika ukingoni. Alilivaa begi, akayumba kidogo kwa uzito, akasimama sawa. Kisha akageuka na kuinua uso, na alipoona kofia ya manjano imesimama wima mahali ambapo haikupaswa kuwa, alikaa bila kusogea kwa muda. Halafu akainua mkono.

Fundi naye akainua wake.

Binti akaanza kushuka. Alipita vichaka vya kwanza, akapotea, akatokea tena chini zaidi, begi kubwa lenye miguu miwili. Jumatano ilikuwa bado siku nne.

"Twende, shemeji," dereva wa teksi aliita, akichezesha funguo. "Atafika kabla yetu."

"Ngoja kidogo," alisema fundi, bila kugeuka. "Bado namwona."